Mikono ya Bibi Harusi

Shangazi yangu ni mpiga picha, na ulimi wake si wa kuchezea. Studio alikoajiriwa ilikuwa na utaratibu mmoja uliomkera: picha ya mwanamume huchapwa alivyo, hata awe na chunusi uso mzima, lakini mwanamke lazima kwanza aongezwe weupe kwenye kompyuta. "Wanawake ndivyo wanavyopenda," bosi alizoea kusema. Hakuwahi kumuuliza hata mmoja.

Siku moja bosi aliifanya kazi hiyo mwenyewe, harakaharaka. Akamng'arisha bibi harusi uso na shingo, mikono akaisahau. Picha ikachapwa kubwa, ikatiwa fremu, na bibi harusi akaja kuichukua akiwa na baba yake.

Mzee aliitazama weee, mwisho akauliza, "Mikono hii naijua. Uso ni wa nani?"

Bosi akacheka peke yake. "Si binti yako huyo, mzee? Amependeza."

"Rangi yangu ni ya marehemu mama," yule dada akasema taratibu. "Nilitaka baba akinitazama ukutani amwone na yeye. Hapa hayupo."

Shangazi maneno yale yalimchoma. Picha ya awali bado alikuwa nayo. "Kaa, mdogo wangu," akasema. "Nakuchapia ulivyo."

"Ukichapa hiyo," bosi akamnong'oneza, "kesho usije."

Shangazi aliogopa, maana kazi hiyo ndiyo iliyonisomesha mimi. Hata hivyo akachapa. Mzee akaipokea picha kwa mikono miwili, akalia mbele za watu bila kujificha.

Kesho yake shangazi alikwenda kazini kama kawaida, na kichwa chake kigumu. Kumbe waliokuwepo walikuwa wameipiga picha ile kwa simu zao, ikasambaa. Alikuta wanawake wamejaa mlangoni, wanataka kupigwa "kama yule bibi harusi, na rangi zetu wenyewe." Bosi akampisha apite.

Mimi mtaani waliniita Mkaa tangu utotoni. Kila kamera ilipotokea nilijificha nyuma ya wenzangu, na nilichoka kujificha. Wiki ile ile nilijipeleka studio, nikaketi mbele ya taa.

"Haya, nikupunguze nini?" shangazi akanitania.

"Punguza maneno, shangazi. Rangi iache."