Darubini za Angwenyi na Jua la Ijumaa

Watu wa Kisegi walipotaka kumtania Angwenyi walimwambia kwamba ana macho mengi kuliko buibui. Hakukasirika. Alicheka, akawafungia ndizi zao, na biashara ilipopoa alirudi nyumbani kupangusa darubini zake.

Alikuwa Mkisii aliyeshuka kutoka milimani na mikungu ya ndizi, akaona ziwa, akabaki. Mkewe, Gesare, alimfuata na mtoto mgongoni, akidhani wanakuja kwa msimu mmoja. Wenzake walioanza biashara pamoja naye walinunua ng'ombe, wakapeleka kwao ili waonekane wameendelea. Angwenyi alikusanya darubini. Gesare alipoulizwa na ndugu zake mifugo iko wapi, alijibu kwamba mumewe anafuga nyota, nazo hazihitaji nyasi.

Ya kwanza ilikuwa ya shaba, ya kuvuta na kukunja. Aliikuta ikining'inia juu ya majora ya kitambaa katika duka la Mhindi mmoja wa Homa Bay aliyekuwa akifungasha kuhama. Ya pili ilikuwa nyeupe, ya Kijapani, yenye miguu mitatu ya mbao. Mmisionari aliyekuwa akirudi kwao aliiuza mjini Oyugis, pamoja na viti na sufuria, na watu wote waligombania sufuria. Ya tatu, fupi na nene kama pipa, yenye kioo ndani, ilitoka katika stoo ya shule moja upande wa Suna. Manyigu walikuwa wamejenga humo. Angwenyi aliwafukuza kwa mkono mtupu, na Sabato ile hakuweza kuimba kwa jinsi midomo ilivyovimba.

Kisha kulikuwa na vioo vya jicho, vile vidogo vya kuchomeka mwishoni mwa darubini, mahali mtu anapoweka jicho lake. Kila kimoja alikifunga kwa kipande cha fulana ya utotoni ya binti yao Emmah, akakilaza katika mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kimbo, na kila kimoja kilikuwa na jina. Mpole kilionyesha mbingu pana. Mkali kilileta mwezi karibu hadi mashimo yake yakaonekana. Mchoyo kilikuza sana lakini kilitoa mwanga kidogo, na Angwenyi alikisema vibaya kama mtu anavyomsema shemeji.

Majirani walinong'ona mwanzoni. Mtu anayesimama uani gizani bila sababu, katika nchi ile, ana jina lake, nalo ni jajuok, mchawi wa kukimbia usiku. Angwenyi aliwamaliza kwa njia rahisi: aliwaita waje kutazama. Wakaja na wageni wao, wakatazama mwezi, wakarudi nyumbani wakibishana. Gesare peke yake ndiye hakuwahi kuinama kwenye darubini. Alipopata mimba nyingine mama mkwe alimkataza, na baada ya kujifungua akabaki vivyo hivyo. "Mbingu nitaiona nikifika," alikuwa akisema, na wanawake wa kanisa wakacheka.

Sasa lazima tuseme habari ya Ijumaa, maana ndiyo iliyoleta msiba.

Waadventista hufungua Sabato jua linapotua siku ya Ijumaa. Kwa mkulima hilo si tatizo, jembe halinuki likilala. Lakini Kisegi kuna watu wa samaki, na mitumbwi ya mwisho hufika jioni hiyohiyo. Jua likitua kabla samaki hawajapimwa na kupakiwa kwenye gari la barafu, watakaa hadi Jumamosi jioni, na mbuta, samaki mkubwa wa ziwa lile, haheshimu Sabato. Basi kila wingu lilipokaa juu ya ziwa, ugomvi ulizuka mizanini. Nashon, mzee wa kanisa, alisema jua limetua. Roseline, mchuuzi mwenye sauti ya kengele, alisema bado. Ijumaa moja ya mwaka wa tisini na tatu waliitana majina ambayo hayafai kurudiwa, kisha wakaenda kusali wakiwa hawasalimiani.

Angwenyi, ambaye hakuweza kuvumilia ugomvi wa watu wazima, akasema, "Wacheni hiyo kelele. Mimi naweza kuona hiyo jua hata ikiwa nyuma ya wingu nyepesi. Ikiisha, nitawaambia."

Tangu hapo kila Ijumaa alipeleka darubini nyeupe juu ya mwamba ulio ufuoni, akasimika kijiti chenye kitambaa cheupe. Kitambaa kikiwa juu, watu walipima. Alipokishusha, mizani ilifunikwa, mikono ikaoshwa, nyimbo zikaanza.

"Ja-Kisii, imeisha?" Roseline alikuwa akipaza sauti kutoka chini, akimwita Mkisii kwa lugha ya pale.

"Bado. Iko kama ukucha."

"Ongeza, Mungu akubariki!"

Hakuna aliyebishana naye. Waislamu wachache wa sokoni na Wakatoliki nao walitumia kitambaa chake kujua wakati wa kufunga vibanda. Gesare alimwona akitembea kwa kifua mbele siku hizo, na ukweli usemwe, hata yeye alijivunia.

Mtu atauliza: mjuzi wa mambo ya mbingu hakujua kwamba jua huunguza jicho? Alijua vizuri. Mchana hakuthubutu. Alipowaonyesha watoto madoa ya jua alitupa picha yake kwenye karatasi, akampiga kofi mkononi yeyote aliyesogea. Lakini jua la jioni lilikuwa jekundu na pole, mtu aliweza kulitazama kwa macho matupu kama kaa linalozima. Akasahau kwamba darubini hukusanya mwanga. Kosa lake lilikuwa hilo tu, nalo alilirudia kila wiki, miaka mitatu, kwa ajili ya amani ya watu wengine.

Mwishoni mwa mwaka wa tisini na sita alianza kumwaga chai nje ya kikombe. Akampa mteja mmoja ndizi za mteja mwingine. Gesare alimshika mkono akampeleka Homa Bay, kwa daktari wa macho aliyekuwa akija huko kwa zamu.

Daktari alitazama jicho moja, akatazama la pili, akarudi kwenye la kwanza. "Hili la kulia limeungua katikati, na ni zamani kidogo," akasema. "La kushoto limeungua vilevile, ila ni la juzijuzi. Mzee, ulikuwa unafanya nini?"

Gesare akamgeukia mumewe. "Baba Emmah, la kulia ulijua?"

Angwenyi alitazama sakafu. "Nilijua linachoka. Nikasema nilipumzishe."

"Ukalipumzisha vipi?"

"Nikatumia la kushoto."

Hakuna dawa, daktari akasema. Pembeni ataona, katikati basi. Gesare hakulia pale. Alilia walipofika nyumbani, akilia kwa hasira, kwa maana mtu aliyepoteza jicho moja kwa ujinga anasamehewa, lakini huyu alikuwa ameonywa na jicho lenyewe, akalichukua la pili akalitoa sadaka. Sikio la kufa halisikii dawa. Akakusanya darubini zote tatu na mkebe wa Kimbo, akavitia katika sanduku la bati, akapiga kufuli. Ufunguo akaufunga katika pindo la leso.

Nashon alikuja na wazee wenzake. Walikaa kwa muda bila kunywa chai waliyowekewa. Hatimaye Nashon akasema, "Ndugu, hii kitu ni sisi tumekufanyia. Sijui tuombe msamaha na mdomo gani."

"Hamkunituma," Angwenyi akasema. "Nilijituma."

"Na Ijumaa tutafanya aje sasa?"

"Jua likibakiza kimo cha kiganja juu ya maji, fungeni. Mungu hatamkasirikia mtu kwa kumpa mapema."

Wakafanya hivyo. Mitumbwi ikaambiwa irudi mapema, gari la barafu likaambiwa lije mapema, na ndani ya wiki chache kila mtu alikuwa amezoea. Roseline alipoteza samaki mara moja, hakulalamika. Gesare alisimama mlangoni Ijumaa ya kwanza, akaona mizani imefunikwa na jua bado liko juu, likiwaka juu ya maji.

"Kumbe iliwezekana," akasema. Hakuwa akimwambia mtu, lakini Bathsheba, jirani yake, alisikia.

Hayo yote Gesare angeyabeba. Kilichomshinda kilikuwa kingine. Tangu sanduku lifungwe, Angwenyi aliacha kumtazama. Akimwekea ugali, aligeuza uso kwenye mlango. Akimsemesha, aliangalia ukuta, au sufuria, au kuku waliopita uani. Mtu aliyelala naye kitanda kimoja tangu ujana sasa alimjibu kwa upole ule ule wa zamani, lakini uso wake ulikuwa kwingine. Gesare alijua sababu, au alidhani anajua: ni ufunguo. Amemnyima kitu alichokipenda, naye mumewe amemnyima macho. Aliumia, na alikuwa mwanamke asiyeomba. Kwa hiyo nyumba ikanyamaza.

Ndipo redio ikatangaza nyota yenye mkia. Ilikuwa Aprili ya mwaka uliofuata. Jioni, jua likishatua, ilionekana upande wa kaskazini-magharibi juu ya ziwa, na watu wa Kisegi walitoka na vikombe vya chai mkononi kuitazama. Wengine walisema ni ishara ya vita. Nashon aliwaambia waache kumsingizia Mungu mambo. Na wote, kwa mazoea, waliangalia upande wa nyumba ya Angwenyi, kisha wakakumbuka.

Siku ya pili yake Angwenyi aliingia jikoni, akasimama. Uso wake ulikuwa kwenye mlango.

"Mama Emmah, naomba ufunguo."

Gesare akaweka mwiko chini. "Miezi yote hii hunitazami. Unakula chakula changu kama unakula kwa mgeni. Leo kwa sababu ya nyota ndio unajua niko hapa? Na hata sasa unaongea na mlango!"

"Siongei na mlango."

"Basi nitazame!"

Akamtazama. Aligeuza uso polepole hadi ukaelekea wake kabisa, na Gesare akaona macho yale, yakiwa wazi, yakitafuta.

"Hapa ulipo pana doa," Angwenyi akasema. "Nikikutazama usoni, unapotea. Naona mabega, naona ukuta, uso hakuna. Nikitazama mlango, unarudi. Sio vizuri sana, lakini unarudi. Nilidhani umejua."

Gesare hakuwa amejua. Daktari alikuwa amesema, pembeni ataona, na yeye siku ile alikuwa amejaa hasira hata maneno yakapita bila kuingia. Miezi yote hii alikuwa akimlaumu mtu kwa kumtazama kwa njia pekee iliyobaki.

Akafungua pindo la leso kwa meno.

Jua lilipotua walitoa darubini nyeupe pamoja. Angwenyi alikitafuta kioo alichokiita Mpole kwa kupapasa, akakichomeka. Gesare ndiye aliyeelekeza bomba, akiongozwa: kulia kidogo, juu, hapo. Angwenyi akainama, akaitazama nyota ukingoni mwa kioo badala ya katikati. Alipoinuka alisogea ili mkewe apite. Gesare alisita, kisha akainama, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Aliuona mkia ule, mpana, mweupe, ukielekea juu.

Alipoinuka aliketi kwenye kigoda mbele ya mumewe, mashavu yamelowa machozi, mkono ukitafuta leso. Kulikuwa bado na mwanga kidogo juu ya maji.

"Na sasa?" akamwuliza. "Unaniona?"

Angwenyi akageuza uso, akatazama ziwa.

"Nakuona," akasema. "Usijipanguse."