Aliyeanguka Huwaarifu Walio Juu

Jumatatu nilikuwa kwa kinyozi Kibarani, povu tele kidevuni, nilipoambiwa kwamba yule mzungu tuliyemwita mama wa Bofa amefariki kwao Ulaya. Kinyozi aliinua wembe akasubiri nitulie. Wasomaji wangu wa siku nyingi hawamjui, kwani sijawahi kumwandika, na sababu ni aibu. Ujanani alishindana katika mchezo wa skii, akishuka milima ya theluji kwa kasi ya gari huku akikatiza baina ya vigingi, mpaka goti lilipovunjika akaacha mashindano, akaja kufungua nyumba ya wageni ufukweni Bofa. Miaka ile ya themanini, kabla kalamu haijaanza kunilisha, nilikuwa dereva wake.

Alikuwa na mazoea yaliyotuchekesha. Kila tulipofika Mnarani kusubiri feri, alishuka garini, akachechemea mteremko wote hadi majini na kurudi, kisha akafumba macho, kiganja kikicheza kulia na kushoto. "Mama, wasoma dua gani?" muuza korosho mmoja alimwuliza. Akajibu kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Naikariri njia. Kwetu hushuki mpaka uijue macho yakiwa yamefumbwa." Ndivyo walivyofanya yeye na wenzake kabla ya kila shindano. Mimi nilicheka kuliko wote.

Siku moja tulikuwa tukitoka Mombasa. Feri ilikuwa imefika na chini watu wamejaa, wanawake na mizigo yao. Nilipokanyaga breki pale juu ya mteremko wa Mnarani, mguu ulizama kama nimekanyaga tope. Nikakanyaga tena, hola. "Breki hazishiki, mama," nilisema. Hakupiga kelele. "Usiwatazame watu. Unapotazama ndipo unapokwenda. Tazama nafasi. Weka gia ndogo. Kulia kidogo. Ngoja. Ngoja. Sasa kushoto, kwenye mchanga." Tulipenya baina ya lori na mkokoteni, kioo cha pembeni kikang'oka, na gari likajikita kwenye tuta la mchanga hatua chache kutoka kwa wale wanawake.

Mama aliweka mkono gotini. Kisha akaniuliza, "Ulitazama mafuta ya breki asubuhi?" Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza kila siku. Nilikuwa na mke mjamzito na sikuwa na kazi nyingine. Nikasema nilitazama. Alinigeukia. "Kwetu," akasema, "anayeanguka huchukua redio ya mawasiliano kabla hata hajashika mguu unaomuuma, akawaambia wenzake walio juu mahali penye barafu mbaya. Wao bado hawajashuka." Hakuniuliza tena, wala hakunifuta kazi. Afadhali angenifuta.

Tangu hapo nimeandika safu nyingi gazetini kuwakemea wenye mabasi, wahandisi na wakubwa wa ofisini wanaoficha makosa yao mpaka watu wafe. Nchi yetu imejaa watu walioanguka wakajipangusa kimyakimya, na anayewafuata huteleza palepale. Niliyasema hayo kwa ukali, nami ni mmoja wao. Sasa mama hayupo wa kunisamehe, na nadhani alikuwa akijua siku zote. Lakini juu bado wapo madereva wanaosubiri zamu yao ya kushuka, na hao ndio alionitaka niwaambie. Basi nisikilizeni: asubuhi ile sikufungua boneti.