Kipande Namba Kumi na Saba

Mama Unga hakuitwa hivyo kwa sababu ya kuoka. Kwa miaka thelathini na mmoja alisaga mawe katika chumba cha nyuma cha maabara, na kila jioni alitoka na unga wa kusagia hadi kwenye nyusi. Alikata jiwe kwa msumeno, akaligandisha juu ya kioo, kisha akalisaga hata likawa jembamba kuliko unywele na kupenyeza mwanga. Wenye shahada walitazama kazi yake kwa hadubini, wakaandika majina yao. Lake halikuandikwa popote, wala hakuna aliyeona haya.

Jumatatu, Mkuu wa maabara, kijana wa umri wa kifungua mimba wake, alimletea kipande namba kumi na saba. Kilitoka kwenye jiwe la volkano lililokusudiwa kuvunjwa kokoto za kujengea wodi ya wazazi.

“Mama, hiki umekiharibu. Kimejaa giza.”

“Zungusha meza ya hadubini, Mkuu. Fuwele zitawaka na kuzimika. Giza lile haliwaki ng’o. Lava ilipoa haraka, ikawa kioo. Kioo hicho kikikutana na saruji, zege litapasuka baada ya miaka.”

“Uliyasomea wapi hayo?”

“Humu humu, uliponiuliza hadubini inawashwa wapi.”

Mkuu alifunga mlango. Alitaka Mama Unga asage jiwe namba tisa, lililojaa fuwele na lililotoka machimbo mengine, kisha akwaruze kwenye kioo chake namba kumi na saba, ili ripoti ya mkandarasi wa wodi iseme jiwe lake linafaa. “Nani atajua?”

“Watakaozaa chini ya dari hiyo.”

“Kusaga mawe kumekupanda kichwani. Weka ufunguo mezani, utoke.”

Aliuweka. “Tisa ni tisa, mwanangu. Kama unataka iwe kumi na saba, isage mwenyewe.”

Ripoti haikupokelewa bila kipande. Basi Mkuu akavua koti, akajifungia na jiwe namba tisa. Kipande cha kwanza kilivunjikia kwenye msumeno. Cha pili alikisaga kwa hasira hata kikaisha chote, akabaki anasaga kioo kitupu. Cha tatu kikafuata cha pili. Ijumaa mkandarasi alipokuja kuchukua ripoti, kipande kizima cha kazi hiyo kilichokuwamo maabarani kilikuwa kimoja tu, kile chenye giza, kilichokwaruzwa kumi na saba kwa mwandiko wa Mama Unga.