Daraja Lina Mtu

Lori la polisi likipita kwetu Mtongwe, baba yangu alikuwa akivua shati. Hakulivua kwa pupa. Alifungua vifungo kuanzia juu, akalikunja vizuri kama shati la dukani, akaliweka kwenye mkono wa kushoto, kisha akasimama kando ya njia kifua wazi mpaka lori lipotelee upande wa Likoni. Nyakati za misako, malori yakipita kutwa kuwatafuta vijana wa mapanga, alivua na kuvaa, akavaa na kuvua, mpaka nikachoka kumtazama. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Mashati yake yote nilimshonea mimi, na kila kifungo kilichokatika nilikirudishia mimi. Nilikuwa nikimwambia, "Baba, hilo ni lori la Kenya, latafuta wezi." Naye hunijibu, "Lori ni lori, mwanangu."

Habari za malori alifunzwa Msumbiji. Babu na bibi yangu walikuwa Wamakonde waliokuja kukata mkonge huku kusini mwa Pwani ya Kenya kabla ya uhuru, na baba alizaliwa mashambani humo, mtu wa Pwani asiye na karatasi ya nchi yoyote. Alipokuwa kijana, bado hajamuoa mama, ilikuja habari kwamba nyanya yake mzaa mama anaumwa na anataka kumwona mjukuu kabla hajafa. Akafunga safari. Nchi ile wakati huo ilikuwa ya kikomunisti, ya chama kimoja, na serikali yake ilikuwa vitani na waasi. Huku mashambani watu hawakuyajua hayo vizuri, na waliyoyajua hawakuyatilia maanani. Bibi alimnunulia shati jipya la safari, akamwambia awasalimie wote.

Sheria ya jeshi la kule ilikuwa nzuri ukiisikia. Kijana akifika umri huitwa, hupimwa, hutumikia miaka miwili, kisha hurudi kwao akapokewa kwa ngoma. Lakini vita vilikuwa vikila watu kuliko sheria ilivyotazamia, kwa hiyo kila kijiji kiliambiwa kitoe vijana, na katibu wa chama wa kijiji ndiye aliyeamua atoke nani. Mwenye mtoto wa kiume alimkirimu katibu. Mwenye ndugu mjini alimficha mwanawe mjini. Sasa katibu wa kijiji kile alikuwa mjomba wa baba, ndugu wa tumbo moja na bibi yangu, naye alikuwa na kijana wake wa rika moja na baba. Kwa Wamakonde mjomba si mtu wa kusalimiwa tu ukapita. Mtoto ni wa mjomba. Mjomba ndiye humtetea, humwoza, humzika.

Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Mjomba alimchinjia mpwawe kuku, akampa kitanda chake mwenyewe, na siku ya gulio akamtuma chumvi. Wanajeshi walikuwa wamelizunguka soko. Waliwavua vijana mashati, wakayatumia kuwafunga mikono, wakawapakia. Niliwahi kumuuliza baba kwa nini shati, naye akanieleza kama anayenieleza jinsi ya kupanda muhogo. Alisema serikali haikuwa na kamba za kutosha, na mtu akikimbia kifua wazi na mikono imefungwa kwa shati, kijiji chochote atakachofika watamjua ni mtoro. Alifungwa kwa shati alilonunuliwa na mama yake. Alipoinua macho alimwona mjomba amesimama karibu na wauza chumvi, akimwonyesha askari kwa kidevu.

Nina hasira na yule mzee mpaka leo. Kafa zamani, sikumwona hata siku moja, na bado nikikaza uzi kwenye cherehani wakati mwingine namkaza yeye.

Walimpeleka upande wa pili wa nchi, mbali na kila aliyemjua, kwa sababu wakubwa waligundua kwamba askari aliye karibu na kwao hutoroka. Wakamweka kulinda daraja la reli. Mkuu wao alikuwa akiwaita wandugu, akiwaimbisha asubuhi, akiwaeleza kwamba mapinduzi hayana mwenyewe. Miaka miwili ikatimia, wakamwuliza watashuka lini. Akawapa kanuni ambayo baba hakuisahau hata aliposahau jina langu. Zamu haitoki mpaka zamu iingie. Huachiliwi mpaka aletwe mwingine, asimame pale pale ulipokuwa umesimama wewe, ndipo ushuke.

Mara moja aliliona likitendeka. Aliletwa kijana analia, shati alilofungwa limemwachia alama mikononi. Aliyekuwa akiondoka alivua gwanda akampa likiwa na joto la mwili wake, naye akaondoka bila kumtazama usoni. Baba alisema kuanzia siku ile alishindwa kuomba dua ya kutoka. Ukiomba utoke, umeomba mtoto wa mwenzio akamatwe sokoni.

Badala yake, yule wa kumpokea zamu, hakuja. Chakula nacho kikaacha kuja. Mkuu akaenda kuuliza habari za chakula, asirudi tena. Wenzake wakapungua mmoja mmoja, wengine kwa homa, wengine kwa miguu yao wenyewe, mpaka akabaki peke yake juu ya daraja lisilopitwa na treni. Asubuhi moja akashuka, akafuata njia ya kaskazini. Alifika Likoni mifupa mitupu. Akapata kazi ya upakizi Changamwe, akamuoa mama yangu, Mdigo wa hapa hapa, akasilimu, wakatuzaa, nyumba ikajaa kelele. Serikali ilipokubali kuwapa Wamakonde vitambulisho, wenzake wa mashambani walikesha kwa furaha. Yeye alikataa kwenda kujiandikisha. Alisema mtu hajipeleki.

Mama alipofariki, akili ya baba ilianza kumtoka kidogo kidogo. Kwanza akasahau njia ya msikitini, kisha majina. Kambi ya wanamaji haiko mbali na kwetu, na tarumbeta lao husikika upepo ukivuma vizuri. Maisha yote lilikuwa likipigwa bila yeye kugeuza shingo. Sasa likilia, alinyanyuka kitandani, akatoka, akaenda kusimama kwenye ubao.

Ubao wenyewe ni mbao mbili tulizolaza juu ya mtaro wa maji machafu, ili watu wavuke kutoka njiani kuingia uani kwetu na kwa majirani wa nyuma. Hilo ndilo lililokuwa daraja lake. Alisimama katikati, mikono ubavuni, na kila apitaye alimtaka kibali cha safari, kwa sababu kule huwezi kwenda kijiji cha pili bila kibali. Mtaa ulimzoea upesi. Mama muuza mahamri alimpa hamri moja akisema, "Kamanda, kibali changu hichi, bado cha moto." Vijana walimpigia saluti. Wanangu walijipenyeza kando yake wakicheka, naye aliwaachia. Hata mimi nilicheka mwanzoni, mzaha wa bure. Bora mzee anayesimama kuliko mzee anayelala akilia, nilijiambia.

Kisha miguu ikavimba. Nilimpeleka zahanati kwa tuktuk, na daktari, kijana mpole, akasema moyo umechoka, alale, miguu iinuliwe, asisimame juani. Aliniambia waziwazi kwamba akiendelea hivyo hatufiki mbali. Nikarudi nyumbani na kazi moja tu duniani, kumtoa baba yangu kwenye mbao mbili.

Nilimpelekea kiti. Akasema mlinzi haketi. Mimi na mume wangu tukambeba, tukamlaza kwa nguvu, akalia kilio ambacho sijapata kukisikia kwa mtu mzima, na tulipomwachia tu akarudi kwa magoti, ngozi imechubuka. Nikafanya la mwisho nililolidhania ni la busara. Niliziondoa mbao. Nilipotoka na chai nilimkuta ameshuka mtaroni, amesimama wima, maji meusi yamemfika magotini, macho mbele. Nikazirudisha mbao kwa mikono yangu, huku nikimtukana yeye, mjomba wake na nchi yao.

Jirani yetu wa nyuma, mzee aliyestaafu upishi huko kambini, aliniona nimekaa kizingitini. Nikamsalimu, "Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Hili nipe mimi. Mwanajeshi hashushwi na binti wala hashushwi na daktari. Hushushwa na mkubwa wake."

"Na mkubwa wake tutampata wapi, ami?"

"Mimi nimewapikia wakubwa wa kila namna. Wallahi nawajua wanavyotembea."

Alasiri ile akaja amevaa suruali ya khaki niliyomnyooshea, kofia ya jeshi aliyoazima kwa mwanawe, na fimbo kwapani. Nusu ya mtaa walikuja kutazama. Niseme kweli, yule mpishi alikuwa mkubwa hasa. Alitembea polepole, akasimama mbele ya ubao, akakohoa. Baba alikakamaa, akapiga saluti. Nilikuwa nimeshatandika kitanda, na mto wa kuinulia miguu nimeuweka.

"Ndugu," jirani alisema kwa sauti ya kujaza uwanja, "umetumikia vyema. Zamu yako imekwisha. Shuka ukapumzike."

Baba alitazama nyuma ya mzee yule, kulia, kisha kushoto. Alikuwa akitafuta lori.

"Badala yangu yuko wapi?" aliuliza.

Jirani akageuka kunitazama. Sikuwa nimemwambia. Kati ya yote niliyomsimulia, la badala lilinitoka, na hilo ndilo lilikuwa jeshi zima. "Yuaja," akasema. "Yuko njiani."

"Basi na mimi nitamsubiri," baba akajibu kwa adabu, na akarudisha mikono ubavuni.

Watu walitawanyika bila kucheka. Jirani alivua kofia, akaniambia, "Nisamehe mwanangu, babako kanishinda," akaenda zake akiburura fimbo.

Siku zilizofuata miguu ya baba iling'aa kama imepakwa mafuta, na midomo ikabadilika rangi. Asubuhi moja nilizima cherehani katikati ya mshono. Nilikwenda nikasimama mbele yake kwenye ubao, karibu kabisa, nikajaribu kusimama kama yeye.

"Nimekuja kukupokea zamu," nilisema.

Alinitazama usoni kwa muda mrefu. Hakunijua. Nilijua kwamba hakunijua kwa sababu alinitazama kwa huruma, na baba yangu mzima hakuwa mtu wa kunihurumia, alikuwa wa kunigombeza.

"Sasa wamefika kwa mabinti," alisema taratibu.

"Naweza. Niachie."

"Nani kakutoa?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Hakuna ajaye mwenyewe. Kila mtu hutolewa na mtu wake." Akaniinamia, akashusha sauti ili mkubwa asisikie. "Ni babako? Babako ndiye kakutoa?"

Nilikuwa nimekuja kumdanganya, na uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ningesema ndiyo, pengine angeshuka. Ndiyo moja tu, na kitanda kilikuwa kimetandikwa. Sikuweza. Nilimtazama mwanamume yule aliyetolewa na mjomba wake kwa mfuko wa chumvi, nikashindwa kumwambia kwamba na mimi nimetolewa na baba yangu.

"Baba hakunitoa," nilisema. "Hawezi."

Uso wake ulilegea. Alinyoosha mkono, akafunga kifungo cha juu cha blauzi yangu kilichokuwa wazi, kwa vidole vilivyovimba, ilimchukua muda.

"Basi rudi kwake," alisema. "Usivue nguo, watakujua. Pita pita pole pole kama unakwenda sokoni. Mwambie babako asikutume popote. Mwambie daraja lina mtu."

Nikageuka nikaenda. Ningefanya nini? Nilipita upande wa nyuma ya nyumba, nikaingia ndani kwa mlango wa jikoni, nikamchungulia dirishani. Alikuwa akitazama njia niliyoendea, na alipoona sikukamatwa, akapanga miguu yake sawasawa.

Alianguka pale pale, mchana wa siku nyingine, mama wa mahamri akiwa ndiye wa kwanza kumfikia. Alimkuta amekwisha kufa. Wanaume walimwosha na kumkafini, na jeneza likatoka uani kupitia mbao zile zile, maana njia ni hiyo moja. Yule mpishi alikuwa mbele kulia. Waliposhuka upande wa pili nilisikia shahada ikienda mbali, kuelekea makaburini.

Kwetu wanawake hawaendi kuzika. Ndani walikuwa wakinisubiri, wakiniita nikae chini nilie kama watu. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye ubao, mikono ubavuni, wala sikumbuki nilivyofika. Nilisimama mpaka wanaume wakaanza kurudi na udongo kwenye kanzu. Walinipita mmoja mmoja wakinipa mkono wa pole, na hakuna aliyeniambia nishuke.