Nyasi za Kuzibia Asali

Bibi yangu Chausiku alikuwa mwoga, wala hakuona haya kulisema. Akikuta jongoo mlangoni, alizunguka nyumba nzima apitie uani. Tukimcheka alitujibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, basi tucheke tu. Lakini mwaka wa vita vya Maji Maji alipanda mlima na askari wa Wadachi nyuma yake, mtutu wa bunduki ukimgusa mgongo.

Kisa kilikuwa kibuyu. Mumewe, babu yangu Kibwana, alikuwa akipeleka asali Morogoro pamoja naye, na kibuyu alikiziba kwa nyasi kavu, kama walivyofanya watu wote wa milimani kwetu Matombo. Chini ya mlima askari wakawasimamisha, wakakuta vimbegu vimenata kwenye nta. Siku hizo waasi walibeba vibuyu vya dawa ya maji yenye mbegu za mtama. Ombasha, mkubwa wa askari wale, hakutaka hata kuonja. Babu akafungwa kamba, jua likizama anyongwe.

"Si mtama, bwana," Bibi alisema. "Ni nyasi ya porini. Inaota mwambani, nitakuonyesha."

Alisema kabla hajafikiri. Nyasi ile haizidi urefu wa kidole, na huota juu ya mwamba, penye udongo wa kujaza kiganja tu. Masika huchipua, ikishatoa mbegu hufa. Na huo ulikuwa mwezi wa tisa, kiangazi kimekausha kila kitu. Njia nzima Bibi alijua anampeleka Ombasha mahali pasipo na kitu. Alijikojolea, na mwenyewe alitusimulia hivyo bila kupepesa macho.

Mwamba ulikuwa mtupu. Ombasha akacheka. Bibi akapiga magoti, akakwangua ufa mmoja baada ya mwingine mpaka kucha zikatoka damu. Mwishowe, chini ya jiwe, akapata vishina vitatu, vimekauka lakini mbegu zingalipo. Ombasha akazilinganisha na zile za kibuyuni, moja moja, kwa muda mrefu.

"Kweli si mtama," akasema. "Wanaozibia vibuyu kwa nyasi hii ni wengi?"

"Wote wa huku juu, bwana."

Ombasha akaketi mwambani, akavua kofia.

"Jana tumenyonga wawili."

Bibi alishuka mbio kumfungua mume wake, na alituambia kwamba kushuka kule, jua likikaribia kuzama, aliogopa kuliko kupanda.