Maziwa Juu ya Samaki

Mama mkwe wangu hakuwahi kuonja samaki maishani mwake, na alipenda watu wajue hivyo. Ukoo wao ni wa wafugaji. Kwao samaki ni ndugu wa nyoka, na maziwa hayawekwi karibu na samaki, la sivyo ng'ombe hukauka. Sasa fikiria mwanamke wa namna hiyo anafika kwa mwanawe, kijijini kwetu Ihanda, anakuta sebuleni sanduku la kioo refu kuliko kitanda cha mtoto, na mume wangu anamweleza kwa furaha kwamba humo watakaa samaki.

"Shikamoo mama," nikasema.

Hakuitikia. Alibaki mlangoni na kibuyu chake cha maziwa mkononi, akiliangalia lile sanduku.

"Humo ndani?" alimwuliza mwanawe. "Pamoja na watu?"

Sanduku lilitoka Kayanga. Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, wageni wa misaada walipopanga kila nyumba nzuri ya mjini. Walipoanza kufungasha kuondoka, Mzungu mmoja aliyetengenezewa makabati na mume wangu alimwachia sanduku hilo na samaki wake wadogo wekundu, pamoja na maboksi ya sakafu. Ndiyo, sakafu ndani ya boksi. Vibao vyembamba vinavyoshikana pembeni bila gundi wala msumari, juu vina sura ya mti na vinang'aa. Ukivitazama kwa chini unagundua ni ungaunga wa mbao ulioshindiliwa na kuvishwa karatasi ngumu. Sikujali. Mimi nimekulia kwenye sakafu ya udongo, nilitaka sebule inayong'aa. Na samaki niliwataka pia. Cheka utakavyo.

Mama mkwe aligonga kibao kimoja kwa fimbo yake, akasikiliza.

"Karatasi haibebi ziwa," alisema. "Likiinama, sanduku ni langu, nitalinyweshea ndama. Lisipoinama mpaka Krismasi, nitaingia nikae."

Akaenda kukaa jikoni, na kuanzia siku hiyo kila Jumapili akitoka kanisani alikaa huko huko. Iliniuma, na sababu naijua. Nilikuwa nimemzalia wajukuu, nimemlimia, nimemuuguza, na bado akinitaja kwa majirani alisema "yule mtoto wa wapika pombe". Ni kweli baba yangu alipika rubisi, pombe ya ndizi, na rubisi yake ilisafiri mpaka Nyakakika. Lakini namna alivyolitamka lile neno pombe! Nikajiapia kwamba mwanamke huyu ataingia sebuleni kwangu, na ataingia kwa miguu yake.

Mume wangu ni fundi wa makabati. Sakafu alikuwa hajawahi kuitandaza hata moja, ila ukimwambia hivyo ananuna. Alisawazisha udongo, halafu akafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya akitengeneza chumba cha wageni: alitandika nyasi. Kwetu mgeni hakanyagi udongo mtupu. Alikata nyasi nzuri, akazikausha, akazipanga kwa unene, na juu yake akafunganisha vibao. Ukitembea ulisikia ulaini miguuni, tukasifiana sana. Tukaweka sanduku juu ya meza yake ya miguu minne, tukapanda na kushuka bondeni na madumu ya maji mpaka likajaa.

Jumapili ilipofika, maji yalikuwa yameinama. Kioo hakidanganyi: upande wa dirishani maji yaligusa ukingo, upande wa mlangoni yalikuwa chini kwa upana wa kiganja. Nyasi zilikuwa zimelala chini ya miguu ya meza, vibao vimeachana, na ufa umepita katikati ya sebule yangu.

Mama mkwe alichungulia kutoka mlangoni. Hakucheka, afadhali angecheka.

"Ndama wangu wana kiu," alisema, akarudi jikoni.

Mume wangu alikuwa tayari kusalimu amri. "Mama watoto, tumpe tu yaishe."

Nilimwambia kama anataka kumpa mtu kitu, ampe mama yake shikamoo; sanduku halitoki kabla ya Krismasi. Nilikuwa nimechemka. Nilichota yale maji ndoo baada ya ndoo, samaki nikawarudisha kwenye beseni walimokaa mwanzo, na kadiri sanduku lilivyopungua ndivyo nilivyoona kitu nilichokijua tangu utotoni. Hili lilikuwa mtumbwi wa baba.

Mtumbwi wa rubisi ni gogo kubwa lililochongwa tumbo, ndimo ndizi zinakamuliwa na juisi inaachwa ichachuke. Ukijaa ni mzito ajabu, na ukiinama kidogo tu kazi yote inamwagika. Baba hakuuweka juu ya nyasi hata siku moja. Nyasi zilikuwa za kukamulia na kufunikia. Chini alichimba mpaka kwenye udongo mgumu, akapanga mawe bapa, akauegemeza mtumbwi mzima juu yake. Kisha akamimina maji kidogo sana ndani na kuyatazama yanakimbilia wapi. Yakikimbia, anaongeza kokoto. Yakitulia katikati, anaita watu walete ndizi. Na mimi, mtoto wa wapika pombe, ndiye niliyeshika kata ya kumiminia yale maji.

Nikamwambia mume wangu alete msumeno.

Alishika kichwa. Kukata sakafu ya Mzungu! Nilimwambia sakafu ishike njia yake na maji yashike yao, na wala asinisimamie hapo kama mchungaji msibani. Alikata. Nyasi zote tulizitoa, nikazifunga mzigo nikampelekea mama mkwe wazilalie ndama wake, kwa heshima zote, nikapiga na magoti. Udongo tukaushindilia kwa mchi mpaka mikono ikatoka malengelenge. Pale pa sanduku tulichimba, tukapanga mawe, tukamimina saruji hadi usawa wa vibao. Ile miguu minne mume wangu aliing'oa mwenyewe, akajenga kabati zito lililokaa chini lote. Vibao vikaishia pembeni yake, havikubeba chochote.

Nikamimina kata moja ya maji ndani ya kioo. Yalitulia. Nilicheka peke yangu sebuleni mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini.

Krismasi mama mkwe alikuja na kibuyu chake. Alipita jikoni bila kusimama. Mlangoni alivua viatu, akaingia, akazunguka sebule yote akikanyaga kila kibao kwa kisigino. Halafu akaniomba kikombe. Alikijaza maziwa mpaka ukingoni kabisa, na kabla sijajua anachofanya, akakiweka juu ya mfuniko wa sanduku, samaki wakipita chini yake.

Mume wangu alisahau kufunga mdomo. Mama mkwe aliinama, macho usawa wa kikombe, akayatazama maziwa upande huu na upande ule. Hakuna tone lililoshuka.

Akakichukua, akanipa mimi ninywe kwanza.

"Kaa," aliniambia, akivuta kiti karibu na kioo. "Mtoto wa wapika pombe, njoo ukae na mama yako."