Jumba la Vyumba Ishirini na Tisa

Kazi ya Rawya binti Sleyum ni kufasiri maneno ya watu, na kazi hiyo imemchosha na watu. Ofisi iko Hamriya, huku Oman, juu ya duka la vipuri vya mafriji, na kutwa nzima wateja wanapanda ngazi na makaratasi yao: mkataba wa pango, cheti cha kuzaliwa, mashtaka ya mtu ambaye kiyoyozi cha jirani kinamdondoshea maji mlangoni. Rawya husoma Kiingereza, huandika Kiarabu, na hasira zake huzitoa kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili hakuna mteja anayekidai.

Ana miaka arubaini na saba. Aliposwa mara mbili, na mara zote mbili mama yake alikuwa kitandani na hapana mwengine wa kumuuguza. Wale wachumba wakachoka kungoja, wakaoa kwengine. Hilo halilalamikii. Anayoyalalamikia ni mengine: wateja wanaosema "mistari miwili tu" kisha wakatoa kurasa kumi, lifti ambayo haijapanda tangu Ramadhani, na kaka yake Mutasim. Mutasim peke yake anatosha kuwa orodha.

Nyumba anayokaa na mama yake, Bi Muhsina, ni mwendo wa dakika tano kutoka ofisini. Marehemu Mzee Sleyum aliijenga walipokuja kutoka Pemba na mabegi mawili: vyumba vitano na ua wenye mlimau. Humo Bi Muhsina kasomesha watoto Kurani, kauguza wagonjwa, kaozesha mabinti wasiokuwa wake, na kila aliyewasili kutoka Unguja au Bujumbura hana pa kulala, alilala humo. Mzee alipofariki, miaka kumi na moja sasa, nyumba ilibaki kwa jina lake. Warithi ni watatu, mama na watoto wake wawili, na hapana aliyekuwa na haraka.

Haraka ilianza Mutasim alipostaafu wizarani. Mtu akistaafu hupumzika. Yeye akaanza kupata mawazo. Kwanza nyuki, kule Qurayyat. Nyuki wakahama. Kisha boti ya kutembezea watalii Qantab, na boti ipo mpaka leo, imeegeshwa kwenye ua wa watu na kuku wanatagia ndani. Rawya akadhani sasa kakoma. Thubutu.

Jumapili moja asubuhi akapanda zile ngazi, anahema, akaweka kijitabu cha karatasi za kung'aa juu ya meza ya dada yake.

"Nifasirie hiki kwa Kiarabu," alisema. "Wenzangu wawili wanataka kukisoma. Alkhamisi nikikute tayari."

Rawya akafungua. Jumba la mawe, la kale, huko mashamba ya Uingereza. Dohani za moshi kumi na moja. Ziwa. Vyumba ishirini na tisa. Linauzwa, na wauzaji wanasema linafaa kuwa hoteli, au shule ya bweni, au makazi ya wazee, au ukumbi wa harusi, au ofisi, au maskani ya familia kubwa.

"Yaani hawajui la kulifanya," alisema Rawya.

"Wewe kila kitu unakitia kasoro. Mambo sita katika nyumba moja, hiyo si neema?"

"Kaka, nyumba ikifaa kwa kila kitu na mwenyewe anaiuza, jiulize."

Mutasim akacheka, akamwambia nyumba njema si mlango. Kisha akashuka, hakutaja malipo, kwa sababu kaka halipi. Rawya akakaa jioni tatu baada ya kazi, macho yanamuwasha, anatafuta neno la Kiarabu la chumba cha kukaushia pembe za kulungu. Ukurasa wa ishirini na sita, kwa herufi ndogo kama mchwa, akakuta yaliyofichwa: jumba linalindwa na sheria kwa ukale wake, hata kioo cha dirisha hukibadilishi bila ruhusa. Paa linahitaji matengenezo. Na ndani ya paa wanaishi popo, na sheria ya huko inakataza kuwasumbua.

Akampigia simu pale pale. "Mutasim, kuna popo."

"Popo hawalali vitandani."

"Hawafukuzwi, kaka. Kwa sheria. Utafungua hoteli na popo?"

"Hoteli nimeshaiacha. Sasa ni shule."

Siku ya pili ilikuwa makazi ya wazee. Jumatano ilikuwa harusi za matajiri wa Ghuba wanaotaka kuoana penye mvua. Rawya akamaliza kazi, akamkabidhi, akasema moyoni wacha liwe lake, mtu mzima hafunzwi. Kitu kimoja hakumuuliza, na mpaka leo anajilaumu: fungu lake la kununulia hilo jumba atalitoa wapi.

Jawabu lilikuja Ijumaa, baada ya sala. Mutasim alikuja na ami yao, Musallam, mdogo wake marehemu baba, mzee ambaye neno likisemwa mbele yake limeshapigwa muhuri. Rawya alikuwa jikoni anakata halwa. Bi Muhsina alikuwa barazani na dele la kahawa, anamimina mwenyewe kama desturi yake, pamoja na miaka yake sabiini na tisa.

Sasa, asiyeijua Oman aelezwe. Mtu akija nyumbani kwako na ombi kubwa, hakwambii kwanza. Utampa kahawa, ataipokea, kisha ataiweka chini bila ya kuionja. Hapo ndipo unapojua ana lake. Ukimwambia "kunywa", umeshamkubalia kabla hujajua analotaka, na aibu ya kurudi nyuma ni kubwa kuliko hasara ya kutoa. Na akiinywa bila ya kuambiwa na anayemimina, ombi lake kaliacha mwenyewe. Ndiyo maana wenye akili, wakiona finjani imewekwa chini, hukohoa na kuulizia habari za mvua.

Rawya alitokea mlangoni na sinia la halwa akaiona finjani ya Mutasim juu ya jamvi, haijaguswa. Akafungua mdomo, lakini mama yake alimtangulia.

"Kunywa, baba. Ulitakalo umelipata."

Mutasim akainywa kwa mkupuo mmoja. Ndipo akasema. Anataka nyumba hii iuzwe. Mnunuzi yupo, ataivunja ajenge fleti. Mama atakwenda kukaa naye Khoudh, kuna chumba cha chini, hakina ngazi.

"Na mimi?" aliuliza Rawya, sinia bado mkononi.

"Wewe utakuja Uingereza uwe mapokezi. Kiingereza unacho. Vyumba viko ishirini na tisa, utakosa kimoja?"

Nusura sinia limwendee kichwani. Akaliweka chini, akarudi jikoni, akafungua bomba la maji ili asisikie sauti zao, akasimama pale mpaka walipoondoka. Alilia, na kilio chenyewe kilimuudhi.

Siku ya pili akenda kwa Ami Musallam. "Ami, mama hakujua," alimwambia. "Yeye mtu wa Wete, mambo haya ya finjani si ya kwao. Alidhani kahawa imepoa tu."

Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. "Inawezekana," alisema. "Lakini kasema, na mimi nimesikia. Ukikataa kutia sahihi, binti yangu, utakayemvunjia uso si Mutasim. Ni mama yako."

Akenda Khoudh. Mutasim alikuwa kaeneza ramani ya jumba juu ya meza ya kulia, mkewe Jumana kazuiliwa kupakua chakula. Safari hii lilikuwa kituo cha mafunzo ya wakuu wa makampuni. Rawya akamwomba amwachilie mama neno lake.

"Kwani mimi nilimlazimisha?" alisema Mutasim. "Muulize mwenyewe. Mbona wewe ndiye unayemsemea kila siku?"

Akarudi Hamriya na teksi, njiani anapanga maneno ya kumpoza mama yake, maskini, mtu mzima kachezewa na mwanawe wa kumzaa. Alimkuta barazani anamenya vitunguu thomu.

"Mama," alianza kwa upole, "ile Ijumaa, Mutasim alipoweka finjani chini, ile ni desturi ya hapa. Ina maana yake."

Bi Muhsina hakuinua kichwa. "Nna miaka khamsini nchi hii, Rawya. Unadhani sijui finjani ikiwekwa chini?"

Rawya akakaa kitako, hakupanga kukaa.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukamwambia anywe?"

"Kaniomba. Mwanangu kaja kaniomba, na mbele ya ami yake. Ningemfanyaje?"

"Angekuomba roho yako je? Mama, Mutasim anaomba tangu ana miaka miwili. Nyuki kaomba, boti kaomba. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na hapa tutalia wawili."

"Basi na wewe ungeomba," alisema Bi Muhsina, na sasa akamtazama. "Hujapata kuniomba kitu hata siku moja. Mtu atajuaje unachotaka?"

Rawya alitaka kusema mengi. Miaka ishirini na mitano ya dawa za saa mbili na za saa nne, wale wachumba wawili, hospitali, soko, mashuka. Mtu anakaa nyumba moja nawe umri mzima, unamuogesha, kisha anakuuliza unataka nini.

"Mama," alisema mwisho, "nimiminie kahawa."

Bi Muhsina akafuta mikono, akavuta dele, akamimina, akampa. Rawya akaipokea kwa mkono wa kulia, kama ipasavyo, akaiweka chini, juu ya jamvi, pale pale alipoweka Mutasim.

Mama yake akaitazama ile finjani. "Wewe si mgeni."

"Tangu Ijumaa nimekuwa mgeni, mama. Nyumba imeshauzwa."

Muuza gesi alipita nje na kengele yake, akarudi tena. Kahawa ikaacha kutoa moshi. Rawya alikuwa keshaanza kujuta, anafikiria kuinuka akaanike nguo, mama yake aliposema taratibu:

"Kunywa, mwanangu."

Hakumuuliza analotaka. Rawya akanywa, imepoa na chungu.

"Mutasim nimempa neno na sitalirudisha," alisema Bi Muhsina. "Fungu langu ni thumni, moja ya nane, na hilo nitamtilia sahihi. Lakini lako si langu, sikuwa na haki ya kulitoa, nilijisahau." Akalisukuma dele mpaka likamgusa bintiye goti. "Ijumaa inayokuja utapokea wageni wewe. Mie mikono imechoka kumimina."

Ijumaa wakaja. Mutasim alikuwa na bahasha ya makaratasi na kalamu mpya, Ami Musallam na bakora yake. Bi Muhsina akaomba miwani, akatia sahihi yake pale alipoonyeshwa, hakutetereka. Mutasim akamsogezea dada yake karatasi.

"Tunywe kahawa kwanza," alisema Rawya, na dele lilikuwa mkononi mwake.

Mutasim akaliona dele, akamtazama mama yake. Bi Muhsina alikuwa anachagua tende. Hapo akaelewa, maana si mjinga, ni mwenye mawazo tu. Akapokea finjani, akaiweka chini mbele ya Rawya, akakunja mikono. Ami Musallam akakohoa. Uso wa Rawya ulikuwa ule anaowapa wateja wa kurasa kumi.

"Imepoa, kaka?" alisema. "Lete nikubadilishie."

Akaichukua, akaimwaga kwenye bakuli la maji, akamimina nyengine, akampa. Mutasim akaiweka chini tena, safari hii kwa kishindo kidogo.

"Rawya, mimi nna haja."

"Najua, imepoa. Dele hili halishiki moto siku hizi." Akamwaga, akamimina ya tatu.

Mutasim akamgeukia ami yake, na mzee akageukia dirisha, akaulizia kama mvua za mlimani zimeshafika Qurayyat. Akamgeukia mama yake. Bi Muhsina alitema kokwa ya tende kiganjani, akamwambia anywe upesi kabla haijapoa, maana dada yake anapoteza kahawa.

"Umesema ninywe," alidaka Mutasim.

"Nimesema mimi," alijibu Bi Muhsina. "Langu ushalitia bahashani. Kahawa si yangu leo."

Ile finjani ya tatu ilikuwa bado mkononi mwa Mutasim, inatoa moshi. Alikaa nayo muda, kaishika kwa vidole viwili, anaitazama karatasi ya dada yake isiyotiwa sahihi. Kisha akaipeleka mdomoni, akainywa yote, kidogo kidogo. Akaitikisa kidogo, kama afanyavyo mtu aliyetosheka, akamrudishia dada yake.